SOMO LA WIKI: Lenzi ya kupigia magari usiku, hesabu kabla ya kununua

MSIMU wa kahawa unapofika katikati ya mwaka, fedha huingia Mbinga kwa mkupuo. Mkulima wa Litembo aliyesubiri tangu mibuni ilipochanua hulipwa kupitia chama chake cha msingi, na baada ya wiki chache fedha hiyo huanza kutafuta njia ya kutokea: mabati, ada za shule, pikipiki na, kwa wachache, gari. Madalali wa magari wanalijua jambo hilo. Wapiga picha nao wanalijua, kwani ndicho kipindi chao cha harusi, kipaimara na, siku hizi, picha za magari yanayouzwa.

Hapo ndipo kosa la mtaji hutokea. Kijana mwenye kamera ya mtumba na lenzi iliyokuja nayo huona picha ya gari iliyopigwa usiku, bodi inameta na taa zinang'aa, naye huamini kwamba tofauti kati ya picha hiyo na yake ni lenzi ya zaidi ya shilingi milioni mbili. Hukopa, huuza nguruwe wa nyumbani, au huchukua fedha iliyotengwa kwa mbolea ya msimu ujao. Lenzi hufika, picha hubaki na ukungu uleule, na mibuni hukosa mbolea.

Somo la wiki hii linaangalia biashara hiyo ndogo kwa jicho la mwekezaji: ni kifaa gani hasa kinacholeta picha nzuri ya gari gizani, kinagharimu nini, na kinarudisha fedha baada ya magari mangapi. Anayekusudia kumkopesha ndugu au rafiki mtaji wa kamera naye atafaidika akisoma kabla ya kutoa fedha.

SOKO LIKO WAPI

Litembo ni kijiji cha milimani katika Wilaya ya Mbinga, kinachojulikana kwa hospitali yake ya Kanisa Katoliki, kwa kahawa na kwa ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huchimba kwenye miteremko ili kuhifadhi udongo na maji. Kutoka huko juu, biashara hutazama pande mbili: mjini Mbinga na Songea kwa upande mmoja, na Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa kwa upande mwingine.

Mambo matatu yamebadili hali ya usiku katika eneo hilo. La kwanza ni umeme. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na mkoa uliokuwa ukitegemea jenereta za dizeli ukaunganishwa na gridi ya Taifa. La pili ni barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye kilomita zipatazo 66, ambayo sasa ina lami. La tatu ni usafiri. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyoanza katika miaka ya 1990. Basi sasa ni bidhaa inayoonekana usiku, na mwenye nalo angependa lipendeze usiku.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni ya kawaida kabisa. Mchana gari liko kazini. Fuso linabeba mahindi, Noah inabeba abiria, Hardtop iko shambani. Mwenye gari anayetaka kuliuza hapendi kulisimamisha nusu siku kwa ajili ya picha. Jioni gari limerudi, limeoshwa, limetulia, na mpiga picha anaitwa.

Mshindani mkuu katika soko hili ni simu ya dalali mwenyewe. Simu nyingi za sasa zina mpango wa usiku ambao hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja. Gari likiwa limesimama na simu ikiwa imeegemezwa mahali imara, matokeo si mabaya. Kwa hiyo mpiga picha halipwi kwa sababu tu ana kamera. Analipwa akileta kile ambacho simu haileti kwa urahisi: picha inayoweza kukuzwa kwa bango bila kuharibika, rangi ya gari iliyo ya kweli, na mpangilio uleule kwa magari yote ya dalali mmoja ili tangazo lake litambulike.

MWANGA NI FEDHA

Kamera hukusanya mwanga kama kisima kinavyokusanya maji. Njia za kupata mwanga mwingi zaidi ni tatu tu: kupanua tundu la lenzi, kuongeza muda wa kuacha mlango wa kamera wazi, au kuongeza wepesi wa sensa, unaoandikwa kwa namba ya ISO. Kila njia ina bei yake.

Tundu la lenzi huandikwa kwa namba ya f. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Wengi hawajui jinsi ya kulinganisha namba hizo, na wauzaji hunufaika na ujinga huo. Kanuni ni kugawanya namba kubwa kwa ndogo, kisha kuzidisha jibu kwa lenyewe. Lenzi ya f/2.8 ikilinganishwa na ya f/5.6: 5.6 gawanya kwa 2.8 ni 2, na 2 mara 2 ni 4. Kwa hiyo ya f/2.8 huingiza mwanga mara nne. Lenzi ya f/1.8 ikilinganishwa na hiyohiyo ya f/5.6 huingiza mwanga unaokaribia mara kumi.

Tundu kubwa hulipiwa kwa fedha taslimu dukani. ISO kubwa hulipiwa kwa ubora, kwani picha huwa na chengachenga na rangi ya gari huchafuka. Muda mrefu hulipiwa kwa kutulia: kamera ikitikisika hata kidogo, picha inaharibika.

Tuseme mpiga picha ameshika kamera mkononi mbele ya gari lililo chini ya taa ya kituo cha mafuta. Ana lenzi ya f/1.8, ameweka ISO 6400 na muda wa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mwenzake ana lenzi ya kawaida ya f/5.6, ameiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu na kushusha ISO hadi 100. Ili apate mwanga uleule, wa pili anahitaji muda mrefu mara kumi kwa sababu ya tundu, na mara 64 kwa sababu ya ISO. Jibu ni sekunde kumi hivi.

Gari lililozimwa halina haraka. Sekunde kumi kwake si kitu. Mwenye lenzi ya kawaida na stendi anaondoka na picha safi, na mwenye lenzi ya gharama asiye na stendi anaondoka na chengachenga. Kwa gari lililosimama, stendi imara hufanya sehemu kubwa ya kazi ambayo watu hudhani ni ya lenzi ya mamilioni.

Tundu kubwa linahitajika pale kitu kinaposogea: bibi harusi akishuka garini, dereva akipunga mkono, msafara ukiingia uwanjani. Huko stendi haisaidii, kwani anayetikisika ni mtu. Basi swali la kwanza la mwekezaji ni hili: kazi inayolipa ni ya magari yaliyosimama au ya watu wanaotembea?

UWANJA NDIO UNAOCHAGUA LENZI

Namba ya pili kwenye lenzi ni ya milimita. Ndogo, kama 18, huona eneo pana. Kubwa, kama 85, huvuta vitu vya mbali. Kwa magari namba hii ina maana kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mpiga picha akisogea karibu sana na gari ili lenzi pana ilijaze kwenye picha, pembe iliyo karibu naye huvimba na nyuma ya gari hunywea. Corolla huonekana kama chura. Akirudi nyuma na kutumia lenzi ndefu zaidi, umbo la gari hutulia na kufanana na lile mnunuzi atakaloliona uwanjani. Kinachobadili umbo ni umbali wa kusimama, na lenzi huamua tu ni umbali gani unatosha.

Umbali huo hupatikana kwa hesabu ya darasa la saba. Kamera nyingi za bei nafuu za Nikon na Sony zenye lenzi za kubadilisha zina sensa yenye upana wa milimita 23.5 hivi, za Canon za daraja hilo ni kama milimita 22.3. Kanuni ni hii: upana wa eneo linalotakiwa, zidisha kwa milimita za lenzi, gawanya kwa upana wa sensa.

Gari dogo la mita 4.5 likipigwa kwa ubavu na kuachiwa nafasi kidogo pande zote, linahitaji eneo la mita 6. Basi la mita 12 linahitaji mita 16. Kwa sensa ya milimita 23.5, umbali wa kusimama ni kama ifuatavyo:

Lenzi ya 18: gari dogo mita 4.6, basi mita 12.
Lenzi ya 35: gari dogo mita 9, basi mita 24.
Lenzi ya 50: gari dogo mita 13, basi mita 34.
Lenzi ya 85: gari dogo mita 22, basi mita 58.

Mfanyabiashara wa Litembo atasoma orodha hiyo tofauti na wa Dar es Salaam. Milimani, mita 22 za ardhi tambarare mbele ya nyumba ni bahati. Nyuma ya mpiga picha mara nyingi kuna ukingo wa shamba, ngoro za jirani au mteremko. Lenzi ya 85 iliyosifiwa na mtu wa mjini inaweza kukaa kabatini mwaka mzima kwa kukosa mahali pa kurudi nyuma. Mbamba Bay, penye uwanda wa ufuko, lenzi hiyohiyo inaweza kufanya kazi kila wiki.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, mnunuzi wa lenzi apime kwa hatua viwanja vitatu anavyovitumia zaidi. Hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Hatua 12 ni mita 9, hivyo lenzi ya 35 inatosha. Hatua 17 au 18 ni mita 13, hapo ya 50 inapata nafasi. Lenzi isiyo na uwanja ni mtaji uliolala.

Aidha, ikumbukwe kwamba lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18 hadi 55, tayari ina 35 na 50 ndani yake. Udhaifu wake ni tundu dogo, na tundu dogo, kama ilivyokwisha onyeshwa, si hoja kwa gari lililosimama juu ya uwanja na kamera iliyosimama juu ya stendi.

HESABU YA MTAJI

Takwimu zinazofuata ni za mfano. Kila mtu aweke bei za sokoni kwake. Tuchukue mpiga picha ambaye tayari ana kamera na lenzi yake ya kawaida. Analipwa shilingi 15,000 kwa gari moja. Kwa kila gari anatumia 3,000 ya bodaboda, 3,000 ya msaidizi na 1,000 ya vocha ya kutumia picha kwa mteja. Jumla ya gharama ni 7,000. Kinachobaki ni 8,000.

Ana njia tatu mbele yake.

Ya kwanza ni kununua stendi imara tu kwa 150,000. Akigawanya kwa 8,000 anapata magari 19.

Ya pili ni kununua stendi na lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 kwa 350,000, jumla 500,000. Fedha itarudi baada ya magari 63.

Ya tatu ni kununua stendi na zumu ya 24 hadi 70 ya f/2.8, ya mtumba, kwa 2,400,000. Jumla ni 2,550,000, na fedha itarudi baada ya magari 319.

Tuseme anapata magari manne kwa wiki, na kwamba kazi yenyewe huwa ya uhakika kwa wiki 20 hivi za msimu. Njia ya kwanza inajilipa ndani ya wiki tano. Ya pili inajilipa ndani ya wiki 16, yaani kabla msimu haujafungwa. Ya tatu inahitaji wiki 80. Kwa wiki 20 za kazi kila mwaka, hiyo ni misimu minne, na hapo mwenye kamera hajala, hajavaa wala hajalipa pango.

Kwa mkopo hali ni mbaya zaidi. Akikopa 2,550,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi inayohesabiwa juu ya mkopo wote, riba peke yake ni 76,500 kila mwezi. Magari 16 ya mwezi mzuri yanamwachia 128,000. Akitoa riba anabaki na 51,500 ya kupunguza deni. Kwa mwendo huo, kama kila mwezi ungekuwa mwezi wa msimu, angehitaji miezi 50. Mwezi mmoja wa mvua bila kazi, na riba inakula alichojiwekea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari linahitaji safu nne tu: tarehe, gari, kilicholipwa, kilichotumika. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lenyewe kama lenzi kubwa inastahili.

KUKODI AU KUNUNUA

Zipo kazi chache zinazodai lenzi kubwa kweli, kama msafara wa harusi ya mwenye nacho au tangazo la kampuni ya mabasi. Kwa kazi hizo njia ya kukodi ipimwe kabla ya kununua.

Tuseme zumu ile ya 2,400,000 inaweza kuuzwa kwa 1,600,000 baada ya miaka minne. Uchakavu wake ni 200,000 kwa mwaka. Kama kuikodi ni 30,000 kwa usiku mmoja, basi usiku saba kwa mwaka unatosha kumfanya mwenye fedha zake mwenyewe afikirie kununua. Lakini aliyekopa kwa masharti yaliyotajwa hapo juu anaongeza riba ya 864,000 kwa mwaka juu ya uchakavu. Jumla inakuwa 1,064,000, na usiku unaohitajika unapanda hadi 36. Lenzi ni ileile. Kinachotofautisha ni chimbuko la fedha.

Jambo la kutia moyo ni kwamba lenzi hushuka thamani polepole kuliko kamera. Kamera hupitwa na toleo jipya, wakati lenzi nzuri iliyotunzwa hubaki lenzi nzuri. Mwenye mtaji mdogo anayelazimika kuchagua ataweka fedha nyingi zaidi kwenye lenzi kuliko kwenye kamera, na atanunua lenzi anayoweza kuiuza kesho.

UKAGUZI WA LENZI YA MTUMBA

Tangu mwaka 2018, Canon na Nikon zilipoleta kamera zao za fremu kamili zisizo na kioo cha ndani, wapiga picha wengi duniani wamehamia huko na kuuza lenzi zao za zamani. Hii ni neema kwa mnunuzi wa mtumba, mradi ajue anachonunua.

Kwanza, mdomo wa lenzi ulingane na kamera. Mdomo wa Canon EF ulianza mwaka 1987. Ule mpya wa RF ulianza 2018. Lenzi ya EF inaweza kufungwa kwenye kamera ya RF kwa kutumia kiunganishi, lakini ya RF haiwezi kufungwa kwenye kamera ya EF. Kwa Nikon, mdomo wa F ni wa tangu 1959, lakini kamera ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya kuzungusha lenzi za zamani za AF-D. Lenzi itafungika, ila mpiga picha atalazimika kulenga kwa mkono.

Pili, lenzi imulikwe kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu hupenda unyevu wa mwambao wa ziwa na wa misimu ya mvua milimani. Vumbi kidogo si tatizo, lakini kuvu ni sababu ya kuacha kununua.

Tatu, vipande vya tundu vikaguliwe kama vina mafuta. Tundu lenye mafuta hukwama. Nne, pete ya kulengea izungushwe mwanzo hadi mwisho, isikilizwe kama kuna mchanga. Tano, picha ya majaribio ipigwe kuelekea taa ya pikipiki gizani. Lenzi yenye mikwaruzo au ukungu itaonyesha pazia jeupe juu ya picha nzima, na huo ndio ugonjwa utakaomsumbua mpiga magari kila usiku.

Baada ya kununua, lenzi ihifadhiwe kwenye chombo kinachofungwa vizuri chenye vifuko vya kufyonza unyevu. Gharama hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na kuvu.

KAZI YENYEWE

Saa bora ni zile dakika chache baada ya jua kuzama, anga likiwa bado na rangi ya buluu. Mwezi wa Juni jua huzama Litembo saa 12 na dakika 25 jioni hivi, na kwa kuwa nchi iko karibu na Ikweta giza huingia upesi. Mpiga picha ana kama dakika 20. Katika muda huo gari moja au mawili ndiyo yanayowezekana, na hili liingizwe kwenye hesabu: anayeahidi magari sita kwa jioni moja anaahidi manne yasiyo na anga.

Gari lioshwe na kukaushwa, kwani matone ya maji huwa madoa meupe. Kamera iwekwe ISO 100, tundu f/8, na muda uanzie sekunde nne hadi kumi na tano kulingana na taa zilizopo. Rangi ya mwanga ipangwe kwa mkono, isiachiwe kamera, kwa sababu taa za zamani za barabarani hutoa umanjano na za kisasa hutoa weupe wa baridi. Gari jeupe likigeuka la maziwa ya mtindi, dalali atalalamika, na atakuwa na haki.

Kulenga kufanywe kwa kumulika nembo ya gari kwa tochi, kisha swichi ihamishiwe kwenye mkono ili kamera isitafute tena. Mtambo wa kutuliza lenzi uzimwe kamera ikiwa juu ya stendi. Kidole kisiguse kitufe. Kipima muda cha sekunde mbili kitumike. Kwenye upepo wa ziwa, mfuko wenye mawe uning'inizwe chini ya stendi.

Flashi ya juu ya kamera iachwe. Bodi ya gari ni kioo na vibao vya namba vimetengenezwa kurudisha mwanga, hivyo flashi hurudi usoni mwa kamera, na kibao huwa karatasi nyeupe isiyosomeka. Aidha, flashi ikilitosha gari la mita tatu, kwa mita sita ina robo tu ya nguvu. Badala yake msaidizi atembee taratibu kando ya gari akilipaka mwanga wa tochi wakati mlango wa kamera uko wazi, naye asisimame mahali pamoja. Taa ndogo za gari zinaweza kuwaka muda wote, lakini taa kubwa ziwashwe kwa sekunde moja tu na kuzimwa.

Usalama haujadiliwi. Stendi isiwekwe juu ya lami, hata kama barabara inaonekana tupu. Msaidizi avae koti linalong'aa. Bandarini na karibu na majengo ya dola, ruhusa iombwe kwanza.

PICHA ISIMDANGANYE MNUNUZI

Usiku huficha. Mkwaruzo wa mlango, kutu ya chini, rangi iliyorudiwa upande mmoja, vyote humezwa na kivuli. Kwa mfanyabiashara wa siku moja hiyo ni faida. Anayetaka wateja warudi ataiona kuwa hasara, kwa kuwa mkulima aliyesafiri kutoka Litembo hadi Songea kwa nauli yake akakuta gari si lile la kwenye picha, hatarudi, na atawasimulia wenzake wote kwenye chama cha msingi.

Utaratibu unaofaa ni kwamba picha ya usiku iwe ya kuvutia, nayo iambatane na picha tano za mchana: mbele, nyuma, ubavu wenye kasoro, ndani, na mashine. Picha hizo za mchana hazihitaji lenzi mpya wala stendi. Zinahitaji uaminifu, nao ndio unaomfanya dalali amwite mpiga picha yuleyule msimu ujao.

ZOEZI

Dalali anataka picha za magari madogo matatu kwa wiki, kwa 12,000 kila moja. Gharama kwa gari ni 6,000. Uwanja wake una mita 10 tu. Mpiga picha ana kamera yenye sensa ya milimita 23.5 na lenzi ya kawaida ya 18 hadi 55. Anashauriwa anunue stendi ya 150,000 pamoja na lenzi ya 35 ya 400,000. Je, akubali?

Jibu: Kinachobaki kwa gari ni 6,000. Stendi na lenzi ni 550,000, sawa na magari 92, yaani wiki 31, ambazo ni zaidi ya msimu mmoja. Stendi peke yake ni magari 25, ambayo ni wiki tisa. Uwanja wa mita 10 unaruhusu milimita 35, ambazo ziko tayari ndani ya lenzi aliyonayo. Anunue stendi, lenzi mpya isubiri daftari, na fedha iliyobaki iende kwenye mbolea.